Tisini na Nane

Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma, na silinda ya oksijeni naijua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Miaka ishirini na miwili nimeibeba, nimeiviringisha, nimeifungua na kuifunga, na vidole vyangu vyote kumi bado ninavyo. Kwa hiyo nesi wa wodi ya kifua alipoleta silinda nyumbani kwa mama na kuanza kutueleza koki ni ipi na geji ya kusomea lita ni ipi, nilimwacha aongee huku nikitabasamu pembeni. Alipomaliza nikamwambia, "Dada, umesahau kusema mikono yenye mafuta isiguse hiyo koki. Mafuta na oksijeni vikikutana, moto huo."

Alicheka. "Basi leo nimepata mwalimu. Lakini na wewe mwalimu, nisikilize. Hapa ni lita moja kwa dakika. Si mbili, si tatu." Akabandika plasta nyeupe juu ya koki. Kisha akamvisha mama kipimo cha kubana kidole, kinachosoma oksijeni ya kwenye damu. "Na hiki kikisoma kati ya themanini na nane na tisini na mbili, mama yuko sawa. Msihangaike kutafuta zaidi."

Dada yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu kweli, wa darasani, aliandika kila neno kwenye daftari. Mimi sikuandika. Niandike nini, na hiyo ndiyo kazi yangu?

Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Miaka thelathini alisimama kwenye jiko la kuni lenye dirisha moja, akipuliza moto wa kulisha wanafunzi mia nne. Kikohozi kilipoanza tuliambiwa ni kifua kikuu. Makohozi yakapimwa mara tatu, hakuna kitu. Tukaambiwa pumu. Tukaambiwa uzee. Kila mmoja alitupa dawa yake na mama alizimeza zote bila kinyongo, huku ngazi nne za mlangoni zikimshinda. Mwishowe daktari mmoja wa kike akampa mrija wa plastiki, akamwambia avute pumzi yote kisha apulize kwa nguvu mpaka iishe. Mama akapuliza. Kwenye kioo cha mashine mstari ulipanda kidogo, ukalala.

"Unavuta sigara, mama?"

"Sigara? Hata kuishika sijawahi."

"Moshi ni moshi, mama. Njia zako za hewa zimeziba na kuharibika. Hazitarudi kama zamani, ila tunaweza kukusaidia upumue vizuri zaidi."

Mama akafikiri. "Kwa hiyo watoto wa watu walikula chakula, mimi nikala moshi." Akacheka mpaka akakohoa, na daktari akacheka naye. Mimi sikucheka. Tangu siku ile niliishi na hofu. Nilikuwa nikisimama nje ya mlango wa chumba chake nikiusikiliza ule mluzi wa kifuani, na ukinyamaza kidogo tu, naingia kumtazama.

Sasa siku yenyewe ya mkasa. Dada alikuwa shuleni, nami nilifunga karakana nibaki na mama. Saa nne asubuhi alitaka kuoga. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamwekea kiti ndani, nikamsubiri. Alipotoka hakuwa mama yule aliyeingia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka, shingo imekaza kamba zote. Nikamvalisha mpira wa oksijeni puani. Nikampa pampu yake ya dawa, akavuta mara mbili kama alivyofundishwa. Tukasubiri. Kidole kilisoma themanini na sita.

"Ongeza... baba... kidogo."

"Nesi alikataa, mama."

"Nesi... hapumulii... kifua changu."

Nikasimama pale kama mlingoti. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Akanishika shati. Mama yangu, ambaye hata akiumwa hakuombi maji mara mbili, alinishika shati akasema, "Nakuomba."

Nikabandua plasta. Nikafungua mbili, tatu, nikaishia tano. Nilijiambia kwamba moto ukikosa hewa unaongezewa hewa, jambo hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Na kumbe nilikuwa sawa! Themanini na nane. Tisini na moja. Tisini na nne. Tisini na nane. Midomo ikarudi rangi, mabega yakashuka, akaegemea mito na kufumba macho. Nikampigia dada wakati wa mapumziko.

"Amelala," nikamwambia. "Sijamwona akilala hivi tangu mwaka jana."

"Mungu ni mwema," akasema dada.

Koki sikumtajia. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilifagia sebule, nikachemsha chai, nikawa napiga mluzi ndani ya nyumba ya mgonjwa.

Ilipita saa moja na nusu ndipo nilipompelekea kikombe. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena nikimgusa bega, akafungua macho kwa shida kama mtu aliyelewa. Uso ulikuwa mwekundu na wa moto, jasho limejaa kwenye paji.

"Kuni zimelowa," akasema. "Nani kaleta kuni hizi?"

"Kuni gani, mama?"

"Wanafunzi wanakuja, na kuni zimelowa."

Nilimpa kikombe akishike, mkono ukawa unapigapiga wenyewe hewani, chai ikamwagika shukani. Macho yakafumba tena. Nikatazama kidole: tisini na nane. Namba ileile iliyonifurahisha asubuhi, na sasa iliniogopesha, maana kama namba ni nzuri, mama yangu anakwenda wapi?

Nikampigia nesi.

"Kidole kinasoma ngapi, kaka?"

"Tisini na nane."

"Na koki iko ngapi?"

Nilitazama geji. Naapa niliiona sawasawa. "Moja," nikasema.

Sijui lile neno lilitoka wapi. Nadhani niliona aibu. Nadhani niliona daftari la dada, na uso wa yule nesi niliyemfundisha habari za mafuta. Miaka arobaini na tatu ninayo, na nilidanganya kama mtoto aliyevunja sahani.

"Una uhakika?" Sauti yake ilikuwa ya taratibu, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. "Kwa lita moja mama hawezi kufika hapo. Kama ni moja kweli, basi ni ugonjwa mwingine, na huku hospitali nitawaambia madaktari wajiandae kwa huo mwingine. Sikupigii kelele, kaka. Niambie tu."

Kitandani mama alivuta pumzi. Nikasubiri ya pili. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ikaja, ndogo.

"Tano," nikasema, na machozi yakaja nayo. "Nilifungua tano. Tangu saa nne na nusu."

"Rudisha moja sasa hivi. Usifunge kabisa, unanisikia? Ukifunga utamuua. Moja. Mkalishe wima, msemeshe, asilale. Gari linakuja."

Mikono hii inachomea bomba bila kutikisika hata mtu akinipigia honi sikioni. Siku ile niliishika koki kwa mikono yote miwili. Nikamnyanyua mama, nikakaa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi mno.

"Mama! Kuni zimelowa, tufanyeje?"

"Mmh."

"Mama, wanafunzi wanakuja! Tufanyeje?"

"Chini ya meza," akanong'ona. "Kuna kavu."

"Ngapi?"

"Wewe chukua tu... mvivu wewe."

Nilicheka huku nalia. Kidole kikaanza kushuka. Tisini na tano. Tisini na mbili. Tisini. Kila namba iliyoshuka nilihisi kama namtoa mama roho kwa mkono wangu, na ndiyo namba niliyoambiwa niitafute. Kila alipofumba macho nilimpigia kelele za kuni. Gari lilichukua dakika ishirini na tano. Hizo dakika sitazimaliza maisha yangu yote.

Hospitali walimfunga barakoa ya kubana uso, na mashine ikawa inamsukumia pumzi. Daktari alinieleza kwamba kifua cha mama kimezoea kuishi na hewa kidogo. Ukimmiminia oksijeni nyingi, ile hewa chafu anayopaswa kuitoa hubaki kwenye damu na kumlevya. Anatulia, analala, haamki. "Wengi hudhani mgonjwa amepata nafuu," akasema. Kisha akauliza tena ilikuwa lita ngapi, na kwa muda gani. Dada alikuwa ameshafika, vumbi la chaki bado kwenye mikono. Nikajibu mbele yake, lita na saa, bila kupunguza.

Dada alinigeukia. "Niliandika," akasema. "Kwa herufi kubwa." Akanipiga ngumi moja ya bega, kisha akalaza kichwa palepale aliponipiga, akalia.

Kesho yake alasiri barakoa ilitolewa. Mama alimtuma dada maji ya kunywa, na alipotoka akaniita kwa kidole. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mama."

"Nilikuomba mwenyewe. Nakumbuka." Akapumzika kidogo. "Na nitakuomba tena."

"Usiseme hivyo."

"Nisikilize. Kifua kikikaba, mtu hana haya. Nitakushika shati. Nitakuapiza kwa marehemu baba yako. Nitakuita mwana mbaya, usiye na huruma." Mkono wake ulitafuta wangu juu ya shuka. "Ninyime."

Huyu ndiye aliyenipa nyama yake mezani akasema ameshiba. Nilikitazama kifua chake kikipanda kwa kujivuta, na niliogopa kuliko nilivyoogopa jana, kwa sababu jana sikujua, na siku ya kuniomba tena ikija nitakuwa najua.

"Niahidi."

"Nitakunyima, mama," nikasema.

Ni neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia. Alinipapasa mkono, akasema asante.