Mara ya Mia na Moja

Jovitha alikuwa amechomoa waya wa umeme mara mia, na mara zote mia mashine ikawaka tena, faili zote salama. Mtu mwingine angeshangilia. Yeye aliendelea kuutazama ule waya.

Kompyuta ndogo kama ile, zinazoendeshwa na programu ya Linux, ndizo zilizotunza kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati kumi na mbili za mjini: nani anatumia dawa gani, kwa kipimo gani. Toleo jipya, alilokuwa akilijaribu, lingekuja na mfumo mwingine wa kuhifadhi faili, mwepesi, uliotengenezwa mahususi kwa memori kadi. Bosi wake, Heriel, aliusubiri kama mtu aliyepeleka posa. Asubuhi alipopiga simu kuuliza, Jovitha akamjibu, "Imepita." Alipokata simu tu, hofu ikamwingia.

Nani asiyejua umeme wa mtaa wa Gerezani? Haukatiki kistaarabu kama waya unaochomolewa. Unafifia, unarudi, unafifia tena, hasa mafundi wa kuchomelea vyuma wakianza kazi.

Akaibeba mashine hadi karakana ya chini.

"Shikamoo mzee Mrisho. Naomba nichomeke kwenye laini yako, halafu wewe uchomelee kama kawaida."

"Marahaba. Wenzako wanaikimbia laini yangu, wewe unaifuata? Haya, usije ukanilaumu."

Cheche zikaruka. Taa ya mashine ikafifia mara nne, ikazima. Ilipowaka, majina ya wagonjwa wa kubuni aliowaweka kwa majaribio yalikuwepo yote, yamejipanga vizuri. Akafungua moja. Tupu. La pili, tupu.

Akampigia Heriel. "Bosi, usilipeleke toleo jipya popote!"

"Nimeshawawekea zahanati ya kwanza, kwa sista Klara. Si ulisema imepita?"

"Nakala yao ya akiba iko wapi?"

"Humo humo kwenye kadi."

Akampigia Klara. "Sista, usizime mashine. Hata kitokee nini, usizime."

"Mbona unatisha watu? Umeme umechezacheza hapa sasa hivi, ikazima, ikawaka yenyewe. Majina yote nayaona."

"Fungua moja."

Jovitha akasikia kibodi ikigongwa, kisha ikigongwa tena, haraka zaidi.

"Jovitha," Klara akasema kwa sauti ya chini, "nina watu kumi na saba wa kifua kikuu kwenye benchi. Nampa nani dozi gani?"