Kilele Kisichotaka Kuitwa Namba

Éabha, binti aliyetumwa kuchora ramani, alitaka mashahidi wawili. Bila hao, kilele chetu kingechapishwa tena kwa urefu wake tu, 412, utadhani mfungwa. Sharti lake: wenyeji wawili walitamke jina la Kiairishi pale pale juu, kila mmoja kivyake. Na tuliobaki tunaolijua tulikuwa wawili tu: mimi Gobnait, na Donncha Ó Sé, ambaye hakuwa amenisemesha kwa miaka arobaini na minne.

Tulipanda Jumapili ya mwisho wa Julai, siku yetu ya kuchuma matunda ya buluu mlimani. Donncha alifuata hatua ishirini nyuma, kanuna. Nami, bibi wa miaka sitini na tano, moyo ulinirukaruka mpaka nikauonea aibu.

Kileleni nikamnong'oneza Éabha: "Binn an Gháire. Kilele cha Kicheko." Hata bibi yangu alilikuta jina hilo.

"Haya mzee, zamu yako," Éabha akasema.

Donncha akatazama viatu vyake. "Andika namba."

"Namba?" nikafoka. "We Donncha, una wazimu?"

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Akalipuka.

"Silitamki! Nilikusukia bangili ya matunda hapa hapa, nikakuposa, ukacheka mpaka ukakaa chini! Bonde zima likanitania: Donncha kachekewa kwenye Kilele cha Kicheko!"

Kicheko kikanibana tena, Mungu anisamehe.

"Ulikuwa umeila nusu kwa woga! Meno ya buluu, kidevu cha buluu, halafu unaniapia utanitunza! Ulitaka nilie? Nafuta machozi niseme ndiyo, naona mgongo wako unateremka mlima."

"Useme nini?"

"Ndiyo, bwege wewe!"

"Na hukunifuata?"

"Nilingoja urudi. Nami nina kiburi changu."

Éabha alikuwa ameshika kalamu hewani. Mabega ya Donncha yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akalishika jiwe asianguke.

"Binn an Gháire," akasema. "Andika kwa herufi kubwa, binti."

Akakaa majanini, akang'oa unyasi mrefu, akaanza kutunga matunda, moja baada ya jingine.

"Safari hii usile," nikamwambia, nikamnyooshea mkono.