Chavua ya Wifi Ubaldina

Anturio langu la mahameli lilikuwa linaoza shina, na aliyeliozesha ni mume wangu. Arcesio aliona mizizi imening'inia nje ya kapu, akalionea huruma. Nilipokuwa kazini akalihamishia kwenye ndoo ya udongo mweusi, akaushindilia kwa ngumi kama anayesimika nguzo ya uzio.

“Sasa limekaa vizuri,” akaniambia.

“Limekaa vizuri kaburini.”

Anturio hili huishi juu ya miti, kwenye makorongo yetu ya huku Frontino. Mizizi yake inataka unyevu na hewa kwa pamoja. Unalishikiza kwa nyuzi za shina la kangaga na ukoga wa miti, bila kukaza, basi. Nilipolitoa kwenye ndoo, shina lilikuwa laini kama parachichi lililopita muda wake. Nikakata, nikakata tena, nikabaki na kipande cha juu chenye mzizi mmoja mzima, nikakirudisha kapuni.

Na lilikuwa anturio la kuonekana. Jani moja lilimzidi urefu binti yangu Maryori alipoanza shule: kijani kizito kinachokaribia weusi, laini kama kitambaa cha altareni, na mishipa myeupe imechorwa juu yake bila kukosea hata mmoja. Wachukuzi wa kahawa waliokuja kuomba maji walikuwa wanavua kofia mbele yake. Korongo lilikotoka liliporomoka na mvua. Ukoo wote ulikuwa umebaki ukutani kwangu.

Kabla ya kuoza lilikuwa limetoa ua moja, lililobaki kwenye kipande kile, tumaini langu la mwisho la mbegu. Mkia wa ua ulikuwa unang'aa matone madogo, maana yake uko tayari kupokea chavua, na utayari huo hauchukui siku nyingi. Chavua yake yenyewe hutoka baadaye, matone yakishakauka. Kwa hiyo ilihitajika ya mmea mwingine, na upesi.

“Mama, la shangazi linatoa unga,” Maryori akasema. “Mkia wote mweupe.”

Shangazi yake ni Ubaldina, dada mkubwa wa Arcesio, anayekaa ng'ambo ya barabara. Anturio lake lilitoka korongo jingine. Damu tofauti, mbegu nzuri. Tatizo ni Ubaldina mwenyewe. Huku kwetu watu husema mmea wa kuiba hushika na mmea wa kupewa hufa. Mimi nina diploma ya kilimo, siamini. Ubaldina anaamini kuliko anavyoamini misa. Nilipoolewa alinipa machipukizi matatu, yakafa yote mwaka wa ukame, na tangu hapo hampi mtu hata jani.

Asubuhi nikachukua brashi ya rangi ya Maryori, nikavuka naye barabara. Sijui kunyatia. Nikabisha, nikaomba.

Ubaldina alinitazama kama niliyemwaga maziwa.

“Wifi, umeharibu. Kwa nini umeomba?”

“Ningefanyaje?”

“Ungeiba, kama watu wote. Sasa nikikubali nimekupa, na nikikupa, mbegu zinakufa. Hicho chuo walikufundisha nini?”

“Walinifundisha kwamba chavua haijui nani kaomba.”

“Ndiyo maana uliua machipukizi yangu matatu.”

Ningeweza kubishana mpaka mchana. Lakini kule nyumbani matone yalikuwa yanakauka. Nikafunga mdomo, jambo ambalo Arcesio angelipia kiingilio kuliona.

Ubaldina akafikiri, huku akijifuta mikono kwenye aproni.

“Sikiliza. Nimekunyima. Maryori, umesikia shangazi yako amemnyima mama yako?”

“Nimesikia, shangazi.”

“Haya, ondokeni. Mimi nakwenda kugeuza arepa, mikate yangu ya mahindi. Geti silifungi, komeo limekufa.”

Akatugeuzia mgongo, akaingia ndani. Nikapita upande wa geti, nikapiga magoti chini ya majani yake, nikaanza kukung'uta unga ule mweupe kwenye karatasi. Kosa kidogo, upepo unachukua.

“Wezi wa siku hizi wazito,” sauti ikatoka jikoni. “Enzi zetu mtu angeshafika kwake.”

“Mama, ongeza kasi,” Maryori akanong'ona. “Arepa zinaungua kweli.”

Nikaupaka ule unga juu ya matone asubuhi hiyohiyo, nikarudia kila asubuhi hadi yakakauka. Mkia ukaanza kunenepa. Uozo nao ukawa unapanda. Majani yakaanguka moja baada ya jingine, nami sikuyatazama, nilitazama mkia. Nilinyunyiza maji ya mvua, nikaufungua mlango wa uani upepo upite, nikamkataza Arcesio kusogea.

Matunda yalijitokeza mmea ukiwa na jani moja la mwisho, yakaning'inia kwenye nyuzi nyembamba. Mbegu hizi hazisubiri, zikikauka zimekufa. Nikazikamua papo hapo, nikaosha ute, nikazilaza juu ya ukoga mbichi ndani ya kasha la keki lenye mfuniko unaoonyesha ndani, kivulini. Wiki hiyohiyo shina lilikatika. Nikalitupa kwenye mboji.

Mbegu zikaota, nyingi kuliko nilivyothubutu kutumaini. Ubaldina akaja, akavaa miwani, akainama juu ya kasha kwa muda mrefu. Majani yalikuwa madogo kama kucha za mtoto mchanga, na tayari yalikuwa na mahameli.

“Wamefanana na upande wetu,” akasema.

“Mishipa hiyo ni ya kwangu, wifi.”

“Mishipa sawa. Lakini tazama rangi.”

Nikatazama. Kuhusu rangi alisema kweli: ilikuwa ya upande wao.