Mlinzi wa Mabua

Siku Ruphin alipohama kitanda chetu, alibeba mkeka, sufuria ndogo na blanketi la kijani, akasema anakwenda kulinda mpunga. Nilisimama mlangoni na ungo mkononi. Nilitaka kumwambia kwamba ndege hulala usiku kama watu, na kwamba tangu tuoane hapa Wamaza mpunga wetu tumeulinda mchana tu. Lakini alikuwa ameshageuka, na kisogo chake kilikuwa cha mtu anayeogopa kuitwa. Sikumwita.

Mpunga ukaiva. Tulivuna pamoja, yeye upande ule wa shamba, mimi upande huu. Tukapura, tukabeba magunia nyumbani, nikafikiri sasa atarudi. Jioni ile alinawa miguu, akala sombe yake ya majani ya muhogo, akarudi kwenye kibanda cha shamba kulinda mabua.

Jirani yangu Mama Mounira hajui kunong'ona. Aliniuliza kisimani, mbele ya wote:

"Mama Carine, huyo mwanamuke wa kule shamba iko mutu wa wapi?"

"Hakuna mwanamuke."

"Basi iko nini kule? Mwanaume halali na mabua!"

Wanawake walicheka. Nami nilicheka, nikajitwisha maji yangu, nikaondoka.

Angekuwa na mwanamke, ningejua la kufanya. Nilijua jambo jingine. Muda fulani kabla hajahama, mwili wake ulikuwa umeanza kumkatalia. Mara ya kwanza alisema ni uchovu wa jembe. Mara nyingine alisema ni joto. Kisha akaacha kusema. Nami nilikuwa na langu. Tangu damu ya mwezi ilipokoma, kukutana naye kuliniuma, nikawa nageukia ukuta kabla hajanigusa. Tulikuwa tumezaa watoto sita na hatukuwa na neno la kuambizana jambo hilo.

Kwetu, jambo kama hilo halisemwi mbele ya mtoto wako, wala mkwe, wala ndugu. Lakini mjukuu ni mtu mwingine. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake na mke mwenza wa nyanya yake. Anaweza kumtania babu hata juu ya kitanda, na babu hana ruhusa ya kukasirika. Falonne, mtoto wa binti yetu Carine, alimwita Ruphin "bwana yangu" tangu meno yake hayajakamilika, na alipokuwa mdogo alinisukuma ili akae yeye kando yake. Sasa alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi Kasongo, na alifanya kazi katika kituo cha afya huko Kabambare. Kiangazi kile alikuja kwa pikipiki kutusalimu, vumbi limempaka wekundu hadi kwenye kope.

"Muke mwenza!" aliniita hata hajashuka. "Bwana yetu iko wapi?"

"Iko kwa shamba."

"Si mulishavuna?"

"Analinda mabua."

Alinitazama vizuri. "Tangu lini ndege wa Wamaza wanakula mabua?"

"Umuulize mwenyewe. Wewe ndiye muke anayependwa."

Nilitaka iwe utani, lakini haukutoka kama utani. Falonne aliweka mfuko wake wa kazi begani tena, tukaenda.

Tulimkuta ameketi juu ya gogo mbele ya kibanda, jasho likimtoka ingawa alikuwa kivulini. Alipotuona, alikanyaga kitu chini. Falonne alipiga goti kumsalimu, na macho yake yakabaki pale kwenye mguu.

"Bwana yangu, umenikimbia?"

"Nimezeeka, muke wangu. Utafute kijana."

"Kijana sitaki. Hiyo chini ya muguu ni nini?"

"Dawa ya minyoo."

"Minyoo! Na hiyo picha ya simba juu ya mufuko? Simba iko na minyoo?"

Ruphin alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu alipobeba mkeka. Kisha akafunika uso kwa kiganja, na kwa sauti ileile ya utani, kwa sababu ni kwa utani tu angeweza, akasema:

"Kinu iko, muke wangu. Muchi ndio umelala."

Basi akamweleza yote. Mtu mmoja sokoni alimwambia vidonge vyake vya tension, ile damu inayopanda, ndivyo vinavyoua nguvu za mwanaume, akaviacha. Mchuuzi wa kupita akamuuzia ule unga wa mfuko wa simba, wa kurudisha nguvu. Tangu alipoanza kuukoroga kwenye uji, moyo wake ulikuwa ukikimbia, na jana yake aliona giza akaanguka kwenye njia ya mtoni. Alikuwa peke yake. Hakuna ambaye angejua.

Falonne hakutania tena. Alimfunga mkono kwa kipimo cha damu alichotoa mfukoni, akapima, akapima tena.

"Damu yako inapanda vibaya. Leo utarudia vidonge vyako, na unga huu hautaugusa tena. Hakuna anayejua wamesaga nini ndani. Dawa ya kweli ya muchi iko, inasaidia wanaume wengi, lakini daktari anaitoa baada ya kuangalia moyo wako. Ikikutana na dawa fulani za moyo, damu inashuka mpaka mutu anakufa."

"Na hivi vidonge vya tension? Si ndivyo vimenimaliza?"

"Pengine vimesaidia kukulegeza, vingine viko hivyo. Daktari anaweza kuvibadilisha. Wewe peke yako huviachi. Pengine ni tension yenyewe. Unaamka usiku kukojoa?"

"Kila mara."

"Unasikia kiu?"

"Sana."

"Basi tutapima sukari pia. Muchi hauumwi peke yake, bwana yangu. Mishipa ndiyo inaumwa, muchi unaleta habari tu. Na ile tumbaku yako nayo inaifunga mishipa."

"Nitapona?"

"Hilo sijui. Tutamuuliza daktari wa Kasongo."

Kisha akanigeukia mimi niliyesimama kando ya mabua. "Na wewe, muke mwenza, umesimama kama mugeni. Kinu kinasemaje?"

Nilifungua mdomo, Ruphin akaniwahi. Alikuwa akitazama ardhi.

"Usimusumbue. Alishanichoka. Nikimukaribia anageukia ukuta."

Hapo ndipo nilipojua alichobeba pamoja na ule mkeka.

"Sikukuchoka," nilimwambia. "Inaniuma, Ruphin. Mwili unaniuma."

"Inauma? Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kupanda."

"Na haukusema!"

"Na wewe ulisema ni joto."

Falonne alicheka hadi akashika nguzo ya kibanda. Halafu akaniambia taratibu kwamba damu ikikoma, mwili wa mwanamke unakauka, wengi wanaumia na wananyamaza. Aliniambia nisiweke ndani majani wala poda za soko. Kuna ute maalum wa kulainisha, uliotengenezwa kwa maji, unauzwa famasi. Nitazamwe pia kituoni, maumivu yasije yakawa na sababu nyingine. "Na musiwe na haraka," alisema. "Mpunga munaungojea miezi, lakini ninyi kwa ninyi hamungojeani."

Jioni ile Ruphin alirudi na mkeka begani. Mama Mounira alikuwa uani kwake.

"Mulinzi! Mabua yamekwisha?"

"Ndege wameyamaliza, shemeji!"

Kasongo walimkuta na sukari. Walimbadilishia vidonge vya tension, na tumbaku aliiacha kwa manung'uniko. Haikuwa kazi ya wiki moja. Baadaye, walipokwisha kuangalia moyo, daktari alimpa na ile dawa ya mchi. Siku nyingine ilisaidia, siku nyingine hapana, na hapo alilaza mguu wake juu ya wangu tukazungumza mpaka mmoja akasinzia katikati ya neno. Sikugeukia ukuta tena. Miaka ile ninaikumbuka kuliko ile ya ujana wetu.

Mwaka jana, mvua za kwanza, figo zake zilishindwa. Alifia kitandani petu, upande wake. Falonne alikuja kutoka Kabambare, akajifunga kitambaa kama changu, akaketi nami kwenye mkeka wa mjane. "Mutupe pole wote," aliwaambia watu, "wajane tuko wawili." Walipomtoa Ruphin kwenda kumzika, Falonne aliinama juu yake akamuuliza: "Bwana yangu, safari hii unakwenda kulinda nini?" Watu walicheka huku wakilia, nami pia.

Falonne akija sasa, analala upande ule wa kitanda. Kwenye kibanda cha shamba tunaweka majembe. Mpunga wa mwaka huu umeanza kutoa punje. Ninafukuza ndege mchana, na jua likishuka ninarudi nyumbani.