Mtakatifu Asiye na Mdomo

Sanamu mpya ya Mtakatifu Onofrio ilipofunuliwa kanisani Petrasciana, aliyepiga makofi alikuwa Agatina peke yake, naye ndiye aliyeichonga. Ilikuwa ya mti wa mzeituni, laini kama yai, haina uso, na ina tundu moja kifuani. Miaka yote aliyofanya kazi mjini Torino, Agatina aliota kuiona kazi yake ikibebwa mabegani mwa watu wa kijijini kwao. Sasa watu hao walikuwa wamemkodolea macho.

"Ndevu ziko wapi?" aliuliza Mzee Gesualdo, mkuu wa wabebaji. Onofrio anayejulikana Sisilia nzima aliishi jangwani, vazi lake nywele zake mwenyewe. "Binti yangu, umemnyoa mtakatifu wetu!"

"Na mdomo je?" alidakia Shangazi Assunta. "Mvua ikigoma, dagaa tutamweka wapi?"

Hilo ndilo lililowauma hasa. Mvua ikikawia, watu wa Petrasciana humtia mtakatifu wao dagaa wa chumvi mdomoni, ili naye aone kiu, ashughulike kuileta. Sanamu ya zamani iliishia kuliwa na mchwa, na sidhani kama mchwa wenyewe walisalimika na ile chumvi.

Padri Liborio alipandwa na hasira. "Ushirikina mtupu! Kanisa linafundisha kwamba sanamu si mtakatifu. Heshima mnayoipa sanamu inamwendea yeye mwenyewe kule mbinguni!"

"Basi na dagaa anamfikia," alisema Mzee Gesualdo.

Padri aliinyooshea sanamu kidole.

"Nikikuta dagaa kwenye hiyo sanamu," alisema, "naipeleka ghalani siku hiyohiyo!"

Agatina aliingiwa na hofu. Tangu hapo akawa habanduki mahali pale, anajifanya anapaka nta, kumbe analinda. Shangazi Assunta alikuja na dagaa kifuani, akarudishwa. Mzee Gesualdo alimficha wake ndani ya kofia.

"Hili tundu ni la nini kama si mdomo?" aliuliza mzee.

"Ni utupu unaomngoja Mungu, mzee wangu."

"Basi ungoje na kitoweo."

Mvua haikuja. Maharage yalinyauka, malimau yakadondoka yangali machanga, hata nyanya za Padri, zile alizozoea kujisifia mpaka kwenye mahubiri, zikalala chini.

Adhuhuri moja, kijiji kizima kikiwa kimejipumzisha baada ya chakula, Agatina alitoka sakristia, kile chumba cha kando ya altare, na kopo lake la nta. Padri Liborio alikuwa mbele ya sanamu, kanzu ameipandisha, ananyata, dagaa mkononi. Walitazamana.

"Nyanya zangu zinakufa, Agatina," alisema Padri, karibu kulia.

Agatina alitaka kucheka, lakini furaha ikamzidi. Alijua sasa kwamba sanamu yake haiendi ghalani kamwe, kwamba imekuwa Onofrio kweli, maana hakuna mtu anayejisumbua kukitia kiu kipande cha mti tu.

Akasogea, akamshikia Padri kanzu isije ikaingia nta.

"Anza na kichwa, Padri," alimnong'oneza. "Mkia ukitangulia anakwama tunduni. Jana mimi nilihangaika naye mpaka basi."