Msukaji Hajulikani

Mama yake mhifadhi alifika makumbusho saa tatu asubuhi, bila taarifa wala simu, amevaa gauni lake la kutokea na viatu vinavyombana. "Nimekuja kuuona mkeka wangu," alimwambia mlinzi wa mlangoni, na mlinzi akaenda kumwita mhifadhi. Mhifadhi alipoona ni nani, akamharakisha ndani kabla wenzake hawajamwona.

Mkeka wenyewe aliuleta mhifadhi. Mama aliusuka akiwa na mimba yake, na mwaka jana akampa kwa mikono miwili ukatundikwe, watu wauone. Lakini mkurugenzi alipouliza nani kausuka, mhifadhi, aliyekwisha kuwatangazia wenzake kazini kwamba mama yake ni mwalimu mstaafu, alijibu kuwa msukaji hajulikani. Msomi mzima, shahada mbili ukutani, akashindwa kutamka jina la aliyemzaa! Mkataa kwao mtumwa, na huyu utumwa wake aliuandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye kikaratasi cha maelezo.

Wakapita ukumbi wa michoro. Mama akasimama mbele ya picha ya bahari, akachungulia dirishani bahari yenyewe, akacheka. "Hii ya dirishani kaichora fundi zaidi."

Mhifadhi naye akacheka, huku akitupa macho nyuma asije akatokea mtu wa ofisini.

Chumba cha pili, mkeka ulikuwa ukutani chini ya taa. Mama aliutazama kutoka pindo hadi pindo. Kusoma hakujua. "Nisomee, baba."

"Mkeka wa ukindu," akasoma. "Umesukwa na..." Akataja jina la mama, la babu, na la baba yake babu, yote matatu, kwa sauti ya chini.

Mama akaweka kidole kwenye kikaratasi. Aliyeishi kwa kuhesabu mishono hapotei kwenye mstari. "Huu wa juu una mafungu matatu: mkeka, wa, ukindu. Sawa. Huu wa chini una mawili. Majina yangu matatu yameingiaje hapo?"

"Wameyafupisha, mama."

"Aa." Akakiondoa kidole taratibu. Njia ya mwongo ni fupi, na mama yake alikuwa ameshafika mwisho wake. Mhifadhi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Badala yake aliingia mkurugenzi. "Shikamoo mama, karibu. Umeupenda?"

"Marahaba. Ni mzuri, ila mmeutundika kichwa chini miguu juu. Huu upindo wenye fundo ndio wa kumalizia. Unakaa chini."

Mkurugenzi akasogea, akakodoa macho. "Umejuaje?"

Mama akamtazama mwanawe, akamsubiri. Mhifadhi akafungua mdomo. Alimwonea aibu mama yake, na papo hapo akajionea aibu mwenyewe kwa kumwonea aibu, na hata hivyo ulimi haukuinuka.

"Nimeona mikeka mingi tu," mama akasema hatimaye. "Mimi ni mgeni hapa."

"Unasikia?" mkurugenzi akamgeukia mhifadhi. "Mwaka mzima, na sisi wataalamu hatukuliona hilo. Hebu mshukuru mama wa watu."

"Asante sana, mama," mhifadhi akasema, macho sakafuni.

"Haya, mwanangu," akajibu, kama mzee yeyote anavyomwita kijana yeyote, kisha akamuuliza mkurugenzi mlango wa kutokea uko wapi.