Usiguse, Rangi Mbichi

Mimi sipendi kusaidiwa. Mtaa mzima wa Makorora unalijua hilo, na asiyelijua akamuulize fundi mmoja wa gereji aliyenicheka nilipompelekea Corolla ya marehemu mume wangu, Humaid. "Bibi," ananiambia, "hili gari unalipaka rangi ya nini? Liuze chuma chakavu." Nikamwambia chakavu ni hayo meno yako. Nikawasha gari, nikarudi nalo nyumbani, na njiani nikaapa kwamba nitalipiga rangi mwenyewe, uani kwangu, kwa mikono yangu hii.

Hasira tu hizo, nisiwadanganye. Nilikuwa sijawahi kupaka rangi hata mlango. Lakini mwanangu Nawaf alisema Idi hii atakuja kutoka Maskati, baada ya Idi nyingi za kusema hivyo hivyo, nami nilitaka nimpokee na gari la baba yake likiwa linang'aa. Nikaazima mashine ya kupulizia rangi, nikatazama video kwenye simu mpaka macho yakaniuma, nikaanza kusugua kutu kwa msasa.

"Hodi hapo!"

Alikuwa Manase, jirani wa ng'ambo ya njia. Baba yake alikuja kutoka Kigoma kukata mkonge, naye Manase akazeekea kwenye mashine ya kuchakata mkonge huo huo, na mashine ikaondoka na kidole chake cha kati, mkono wa kulia. Mkewe, Praxeda, alikuwa shoga yangu. Tangu tumzike, mimi na Manase tulibaki watu wa kupungiana mikono tu. Mjane wa Kiislamu na mgane Mkatoliki waketi pamoja wakizungumza nini? Mtaa una macho, na macho yenyewe yana midomo.

"Unasugua kwa kuzungusha," akasema, bado yuko getini. "Nyoosha mkono."

"Umewahi kupiga gari rangi, wewe?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza."

Wapi! Akavuta kigoda, akakaa, geti tumeliacha wazi kama adabu inavyotaka. Kila apitaye akaona bibi anasugua, mzee anakosoa, na hapo hapakuwa na la kusema. Gari bovu lina haki ya kutazamwa na jirani.

Mara ya kwanza niliisimamisha mashine mahali pamoja, rangi ikatiririka mlangoni michirizi mitupu, gari zima kama linalia. "Tembeza mkono, Bi Shariffa, tembeza!" anapiga kelele Manase, mtu asiyejua chochote. Tukasubiri ikauke, tukakwangua. Mara ya pili rangi ilikaa vizuri, mara msufi wa jirani nao ukaamua siku hiyo ndiyo ya kupasua maganda yake. Upepo ukaleta sufi yote juu ya boneti mbichi, gari likaota ndevu. Nilitukana matusi ambayo Humaid hakuyasikia kwangu maisha yake yote. Manase akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi, wallahi, nikajikuta ninacheka naye. Nilikuwa nimesahau kwamba nina kicheko.

Mara ya tatu tulipiga baada ya mvua, unyevu ukaingia, rangi ikafanya ukungu. Tukarudia. Kila asubuhi "hodi," kila asubuhi kahawa chungu yangu na mihogo yake ya kuchoma. Tukamzungumzia Praxeda alivyokuwa akiimba kanisani kwa sauti ya juu kuliko kwaya nzima. Tukamzungumzia Humaid. Manase akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa mkaa USIGUSE, RANGI MBICHI, akakitundika getini ili watoto wasishike. Mimi nikaanza kuamka mapema na kujitanda ushungi mzuri. Eti kwa ajili ya kusugua gari!

Kisha Nawaf akapiga simu. "Mama, mwaka huu haitawezekana. Kazi zimebana."

"Haya, mwanangu. Mungu akufungulie."

Nikaweka simu juu ya ndoo, nikalia palepale. Sikuwa na nguvu za kujificha. Manase alichukua maji, akanyunyiza ua mzima ili vumbi litulie, akakoroga rangi, akanikabidhi mashine. "Tumalizie," akasema.

Alasiri ile hakukuwa na upepo wala sufi. Nikatembeza mkono kuanzia boneti hadi buti, pole pole, sikusimama popote. Nikaishusha mashine. Gari lilikuwa jeupe, laini, limenyooka. Watu wakaanza kuingia: Sele wa bodaboda, Mama Ritha, hata wapita njia, hongera Bi Shariffa, hongera, kumbe wewe fundi! Wakapiga picha, wakaenda zao.

Manase akalizunguka gari akiwa ameinama, anatafuta kasoro. Hakuiona.

"Halina kosa," akasema kinyonge, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Akakiegemeza kigoda ukutani. "Basi, Bi Shariffa. Kazi imekwisha."

"Imekwisha. Ahsante, Manase."

Nilitaka kumwambia njoo kesho. Kesho uje kufanya nini? Ulimi wangu huu, unaomjibu kila mtu, ulikwama. Akatoka, akalifunga geti nyuma yake.

Nikaswali magharibi, nikakaa sebuleni. Nyumba ilikuwa kimya, nasikia friji tu. Nililipenda gari lile lilipokuwa bovu, na sasa nilikuwa nalichukia. Nikafunika chakula bila kukila.

Asubuhi nikatoka na kitambaa nilifute umande. Ala! Katikati ya boneti, alama ya kiganja! Mtu alikibandika rangi ikiwa mbichi, akakikandamiza hasa, ikakauka hivyo hivyo. Nikawalaani watoto wa mtaa mmoja mmoja, nikamlaani yule fundi wa gereji, nikainama niione vizuri nijue mkono wa mkubwa au wa mdogo.

Dole gumba. Kidole cha shahada. Pengo. Kisha viwili.

Nikakaa chini kwenye kigoda chake. Mzee yule! Mwenye kuandika USIGUSE kwa mkono wake mwenyewe! Nikacheka, na machozi yakanitoka hapo hapo, kwa sababu nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikilala na ule ukimya.

Nikanyanyuka, nikajifuta, nikalifungua geti mpaka mwisho. Nikapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Manase! Manase wee! Njoo uone watu walivyoniharibia gari!"

Akatoka upesi mno, kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Akavuka njia, mkono wa kulia umo mfukoni. Akaitazama boneti, akatikisa kichwa.

"Loo! Watu hawana adabu."

"Hawana kabisa," nikasema. "Itabidi turudie."

"Boneti tu?"

Nikamsogezea kigoda, nikamkabidhi msasa.

"Gari zima," nikamwambia.